Nguzo Iliyohamia Kivulini

Inatangazwa kwa heshima na taadhima, kwa wakazi wote wa jiji na vitongoji vyake, kwamba mto umegunduliwa.

Umegunduliwa na Kampuni ya Mandhari, baada ya utafiti wa kina uliohusisha ramani mbili, kamera moja inayoruka na chakula cha mchana. Imethibitika kwamba mto una maji. Imethibitika pia kwamba kando ya maji hayo kuna ujia mwembamba, laini, usio na mwiba, unaoanzia nyuma ya viwanda vya mbao na kwenda kilomita ishirini na mbili nje ya jiji, unaofaa kabisa kwa matembezi ya baiskeli ya kutwa. Ujia huo, kwa mujibu wa kipeperushi kilichochapishwa kwenye karatasi ya kung'aa, "umechongwa na asili yenyewe kwa karne nyingi."

Asili yenyewe ina miaka hamsini na minane, ina goti moja bovu, na inaendesha baiskeli nyeusi ya kiume yenye keria. Mtaani tunamwita Mama Sentimita.

Kazi yake haina maajabu. Ni msoma mto. Kila siku ya Mungu, iwe sikukuu, iwe mvua, iwe fainali ya mpira, saa tatu kamili asubuhi lazima awe amesimama kilomita ya kumi na nne, mbele ya nguzo ya chuma iliyochorwa sentimita kama rula ya mwanafunzi mrefu kupita kiasi. Anaangalia maji yameishia mstari gani. Anaandika namba kitabuni kwa penseli, kwa sababu wino ukilowa hukimbia na penseli hukaa. Kisha anapiga simu ofisi ya maji na kuitaja. Namba ikigonga mita mbili, ofisi inafungua milango ya mfereji wa kando, ili mto upunguziwe mzigo kabla haujafika mtaa wa bondeni, ambako watu wanalala vyumba vya chini na hawana habari na mambo ya namba. Nguzo zenyewe ziko mbili. Ya kwanza inasoma kutoka sifuri hadi mita moja, na msimu wa mvua huwa imezama yote. Ya pili, inayosimama ukingoni, inapokea hapo na kwenda hadi mita tatu. Hiyo ya pili ndiyo yenye kesi hii.

Anaishi vyumba viwili nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Baiskeli inalala ndani, kati ya kabati la vyombo na kitanda, gurudumu la mbele likiangalia mlango kama gari la zimamoto. Mnyororo anaupangusa kwa kipande cha sketi ya shule ya binti yake, ambaye sasa ni mke wa mtu na ana watoto wawili. Vitabu vya vipimo, kimoja kwa kila mwaka, viko ishirini na vinne chini ya kitanda, juu ya matofali, maana mtu anayeishi kwa kusoma maji hawezi kuweka karatasi sakafuni. Hakuna mraba mtupu hata mmoja. Siku aliyozikwa mumewe aliusoma mto saa tatu, akarudi akikanyaga pedali na nguo za msiba zimefungwa kwenye keria, akawahi makaburini jasho likimtoka. Mawifi walimsema mpaka wakachoka. Mto siku hiyo ulikuwa moja na arobaini na mbili.

Kilomita kumi na nne kwenda, kumi na nne kurudi, miaka ishirini na minne. Miiba iliyokuwepo aliikata kwa panga. Mawe aliyatoa kwa mikono. Penye utelezi alimwaga vigae vilivyovunjika, kapu kwa kapu, kutoka kwenye keria. Kwa hiyo unaposoma kwenye kipeperushi kwamba asili imechonga, ujue asili ilikuwa na pampu ya mkononi na kisanduku cha viraka.

Kampuni ilipoanza kazi, kitu cha kwanza ilichojenga ni geti. Nyuma ya viwanda vya mbao likawekwa geti, na kwenye geti mlinzi, na juu ya mlinzi ubao wa masharti. Asubuhi ya kwanza mlinzi alimsimamisha Mama Sentimita na kumweleza kwa upole kwamba njia hii ni ya baiskeli tu. Yeye akainama kuangalia alichokuwa amekalia, ahakikishe.

"Na hii ni nini?"

"Huo ni usafiri, mama," alisema mlinzi, bila ubaya wowote. "Hapa zinapita baiskeli."

Baiskeli, kwa mujibu wa ubao, ni kitu kisicho na keria, kinachopandwa na mtu aliyevaa helmeti na utepe wa tiketi mkononi. Keria hazitakiwi kwa ajili ya usalama wa mandhari. Nimeusoma ubao ule mara tatu nikitafuta mahali ambapo mandhari yalijeruhiwa na keria, sikupata.

Aliyemwokoa ni mkwewe. Mume wa binti yake alikuwa amekaa nyumbani miaka miwili tangu kiwanda cha viatu kifungwe, na Kampuni ya Mandhari ilipotafuta kiongozi wa msafara, yeye alipata. Akapewa shati la kijani, filimbi, na baiskeli yenye gia nyingi kuliko vidole vyake. Mama mkwe hakusema kitu, lakini karakana nzima iliarifiwa. Mkwe akambembeleza mkurugenzi, na Mama Sentimita akapewa fulana ya njano ya kumpitisha getini. Mgongoni imeandikwa MHUDUMU WA MANDHARI.

Wakampiga picha pia, bila kumwambia. Iko ukurasa wa tatu wa kipeperushi: mgongo wa njano, baiskeli nyeusi, matete, ukungu unaoinuka juu ya maji. Chini yake pameandikwa, "Mkazi akifurahia maisha ya polepole ya mtoni." Siku ile alikuwa amechelewa dakika nne kwa ajili ya pancha, na alikuwa anatukana.

Haya tuyaache. Mtu anaweza kuvumilia kuitwa usafiri, kuitwa mhudumu, hata kuitwa mkazi. Sasa njoo Ijumaa.

Ijumaa, siku moja kabla ya uzinduzi, alifika kilomita ya kumi na nne saa tatu kasoro dakika sita. Akaegemeza baiskeli, akatoa penseli sikioni, akashuka ukingoni, akakuta shimo.

Nguzo haikuibiwa. Angalau mwizi ana akili ya kwenda mbali. Nguzo ilikuwa hatua thelathini kutoka pale, kwenye kidimbwi kilichotulia chini ya mkuyu, kando ya benchi jipya la kupumzikia wageni. Ilikuwa imesimama wima, imeoshwa, pembeni imepakwa rangi ya samawati, na kichwani imechorwa ua. Namba hawakuzigusa, tuwashukuru. Maji yalikuwa yameigusa kwenye moja na thelathini na moja.

Alhamisi mto ulikuwa moja na themanini na nane. Huko juu milimani mvua ilikuwa na siku tatu haijakata. Na jiwe la kufulia, ambalo huzama maji yakifika moja na tisini, halikuonekana. Kwa hiyo mto ulikuwa umepanda, na kwa mujibu wa nguzo ulikuwa umeshuka zaidi ya nusu mita kwa usiku mmoja, kwa heshima ya uzinduzi.

Mkwe akatokea juu ya magia yake, uso unang'aa. Akamwamkia, akashuka, akasimama kando ya benchi kama mtu aliyejenga nyumba.

"Nimekutoa kwenye tope, mama," alisema. "Kuanzia leo unasoma umekaa kivulini. Hata goti litapumzika."

Hapo ndipo panaponiuma, maana hakuna pa kumshika. Alimpenda. Katika kampuni nzima inayolipwa kuangalia mto, ni yeye peke yake aliyemwona mwanamke wa miaka hamsini na minane akiteleza kwenye tope kila asubuhi. Alikwenda kwa mkurugenzi kumwombea kivuli. Mkurugenzi akakubali haraka, kwa sababu nguzo pale ilipokuwa iliharibu picha za kona ya mto. Vibarua wanne, mitaimbo miwili, nusu siku. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini chuma kilichimbiwa pale na si pengine. Walidhani ni kama saa ya ukutani: unaihamishia ukuta wowote na muda ni ule ule.

Mama Sentimita hakupandisha sauti. Alimwuliza, "Baba, maji yamepanda au yameshuka?"

Mkwe akaitazama nguzo. "Yameshuka. Moja thelathini na moja."

"Jiwe la kufulia liko wapi?"

Mkwe akalitafuta jiwe kwa macho, huku na huku, kama mtu aliyepoteza ufunguo mbele za watu. Akapanda baiskeli akasema ana mazoezi ya msafara.

Ile saa tatu, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na minne, mraba ulibaki mtupu. Angeweza kuandika "kama tisini." Lakini kitabu hakina safu ya "kama." Kwenye maelezo aliandika maneno mawili: Nguzo imehamishwa. Halafu akapiga simu ofisini.

Msimamizi wake ni mtu wa taratibu. Alimweleza kwamba nguzo ni mali ya serikali, mali ya serikali haihami bila barua, yeye hajaona barua, kwa hiyo nguzo haijahama. Asome kilichopo. Mama Sentimita akamwambia kilichopo ni uongo. Msimamizi akashusha sauti, akasema wakubwa wake wawili wamealikwa kesho kwenye uzinduzi, na mmoja ameshanunua kaptura. Baada ya kesho mtu ataandika barua, barua itajibiwa, na kwa sasa si aongeze tu hiyo tofauti kichwani?

"Na siku nikifa," alisema Mama Sentimita, "mtakuja kukichukua kichwa?"

Msimamizi akasema mtandao unasumbua.

Sasa uone uzito wenyewe. Zikibaki sentimita chache mto ufike mita mbili, nguzo ya kivulini itakuwa inasoma moja na thelathini na kitu, na ofisi itakuwa inakunywa chai. Itakapokuja kusoma mita mbili, mto wenyewe utakuwa umepita hapo zamani, na mtaa wa bondeni utakuwa unafagia samaki. Nguzo ilipaswa kurudi kabla ya saa tatu ya kesho. Na mtu aliyeihamisha, ambaye saini yake iko kwenye karatasi ya vibarua, ni baba wa wajukuu zake, aliyepata kazi juzi.

Jioni akaenda kwao. Wanakaa bondeni penyewe, chumba na sebule, mlango unaopakana na bomba la mtaa. Binti yake alikuwa ameshasikia yote kutoka kwa mumewe, akamkaribisha kwa chai na kilio. Alisema mama na sentimita zake, amelelewa nazo, sawa, lakini mumewe akiing'oa nguzo siku ya uzinduzi, Jumatatu yuko nyumbani tena, na miaka miwili ya kumwangalia mwanamume mzima akipanga viatu vyake mstari kila asubuhi kana kwamba anakwenda mahali, haitaki tena. Hilo halikuwa neno dogo. Mama Sentimita alilisikia, akanywa chai hadi nusu.

Kisha akainuka, akasogeza kochi. Nyuma ya kochi, ukutani, kuna mstari wa kahawia unaofika kifuani kwa mtu mzima. Wamepaka rangi mara mbili na bado unarudi. Akaugusa kwa penseli.

"Huu mstari nani aliuchora?" alimwuliza mkwe.

"Maji, mama. Ya mwaka ule."

"Nilisoma saa tatu. Saa sita mlikuwa ghorofani kwa watu, na magodoro yenu. Maji yalipoingia humu yalikuta kochi." Akalirudisha kochi mahali pake, akaketi. "Kesho nitasoma nini?"

Binti yake akaangalia ukuta, akaangalia watoto waliokuwa wanagombania kijiko sakafuni, akaacha kulia. Mkwe akauliza lile shimo la zamani limefukiwa au bado liko wazi.

Alfajiri ya Jumamosi, Kampuni ya Mandhari ilipokuwa inawapanga wageni arobaini na watatu nyuma ya viwanda vya mbao, kiongozi wa msafara hakuonekana. Alikuwa kilomita ya kumi na nne, ndani ya maji hadi kiunoni, shati la kijani likiwa na rangi ya mto, yeye na vibarua wawili kati ya wale wanne. Wawili wengine walisema hawafanyi kazi ileile mara mbili kwa wiki. Juu ukingoni alisimama fundi mwashi, jirani wa Mama Sentimita, na mpira wake.

Huo mpira uelewe, maana wenye shahada hawakuufikiria. Ni mpira mwembamba, mweupe wa kupenya mwanga, umejazwa maji. Mwashi anautumia kusawazisha kuta: popote utakaposhika ncha hizi mbili, maji yaliyo ndani husimama usawa mmoja. Na kwenye ukuta wa kibanda cha pampu cha zamani, hatua ishirini kutoka mtoni, kuna msumari wa shaba uliopigwa na mtu aliyekwishastaafu na kufa, usawa wa mita tatu barabara. Mama Sentimita alishika ncha moja kwenye msumari. Mwashi akashika nyingine juu ya shimo. Kichwa cha nguzo kilipaswa kulingana na maji ya mpirani, si juu, si chini.

"Shusha," alisema mwashi. "Shusha. Umezidisha, mzee. Pandisha unywele." Wakapandisha unywele, wakaanza kushindilia mawe.

Wageni, huku nyuma, waliondoka bila kiongozi na hawakupotea. Mtu hapotei kwenye njia ile. Walipita nyuma ya maghala, wakapita chini ya daraja la reli, mto ukawafungukia mkono wa kushoto wote kwa pamoja, na niseme kweli hata kama inanikera: ni pazuri. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, matete yanatona, mdiria wa bluu anaruka mbele ya baiskeli kutoka kijiti hadi kijiti kana kwamba kalipwa. Watu wakasema "aah." Wakashuka kupiga picha. Mmoja aliusifu ujia, akasema unaona kabisa huu si mkono wa mtu.

Saa tatu kasoro robo wakafika kwenye benchi, kwenye mkuyu, kwenye Kituo cha Utulivu, na badala ya utulivu wakakuta watu wamejaa tope wanapigilia chuma kwa mawe. Mkurugenzi alitupa baiskeli yake ya bei kwenye nyasi. Alishuka hadi ukingoni na, kwa meno ya mtu anayetabasamu kwa ajili ya kamera, alimwambia mkwe kwamba Jumatatu asijisumbue.

Mkwe akafuta tope machoni. "Sawa, bosi," alisema. "Naomba hilo jiwe ulilokanyaga."

Hapo juu mgeni mmoja akaanza kupiga makofi. Akafuata wa pili. Ndani ya dakika moja wageni arobaini na watatu walikuwa wamejipanga ukingoni, simu juu, wanashangilia mila. Mama mmoja mwenye helmeti ya waridi aliomba kushika mpira. Mwingine aliuliza kama tope ni la hapahapa. Yule mkubwa wa ofisi ya maji, aliyenunua kaptura, alimwambia mwenzake kwamba kitu kama hiki hajawahi kukiona, na nadhani ndiyo kauli ya kweli zaidi aliyopata kuitoa kazini.

Mkurugenzi si mjinga. Ungeweza kuziona fikra zikipita usoni pake kama baiskeli kwenye msafara. Akapanda juu ya benchi na kuwatangazia wageni kwamba hili ni Onyesho la Maisha Halisi, limeandaliwa na kiongozi wetu hodari, na kwamba kuanzia leo litafanyika kila Jumamosi. Kila Jumamosi! Yaani nguzo ing'olewe Ijumaa, ili Jumamosi ipandwe, mbele ya wenye tiketi. Binadamu anaweza kuambiwa kosa lake kwa chuma, kwa tope, kwa mpira wa maji, na bado akaona kiingilio.

Mkwe alijua kazi imerudi. Alijua pia ni kazi gani. Akaendelea kushindilia, na jiwe la mwisho akalipiga kwa nguvu kuliko yote.

Ilipobaki dakika moja, mkurugenzi akateremka na kipaza sauti, akamfuata Mama Sentimita aliyekuwa amesimama kwenye tope lake la miaka yote, penseli mkononi, kitabu kimefunguliwa. Wageni wakasogea. Kamera inayoruka ikasogea. Mkurugenzi akaegemea nguzo, mkono mmoja juu ya ua la samawati, na kwa sauti iliyolainika akawaeleza wageni juu ya mwanamke huyu na mto huu, jua kwa mvua, miaka ishirini na minne ya mazungumzo ambayo sisi watu wa jijini tumesahau kuyasikiliza. Kisha akamwelekezea kipaza sauti.

"Mama," alisema, "waambie wageni wetu. Asubuhi hii mto unakuambia nini?"

Mama Sentimita akaangalia saa yake. Akainama, goti likalia, akatazama maji yalipoishia, akaandika mrabani.

"Moja na tisini na tatu," alisema. "Acha kuegemea nguzo."